Miwa, Matanga na Safari Yako, Akoth

Akoth mwanangu,

Sikuulizi hali, maana leo asubuhi tumekunywa chai meza moja na nimekuona ukila mandazi kama mtu asiye na neno moyoni. Sasa umeenda Kombewa na Shangazi kumwona Dani, bibi yako, nyumba imenyamaza, na mimi nimeketi hapa mezani na kalamu. Nataka niwe nimemaliza kabla hamjarudi. Unanijua. Tukianza kuongea uso kwa uso juu ya jambo kubwa, mimi hukimbilia kuosha vyombo. Marehemu baba yako alikuwa akisema ukitaka kujua kama mama Akoth ana jambo rohoni, angalia jinsi sufuria zinavyong'aa. Leo hata nikijaribu hakuna cha kuosha, nimeshaosha vyote.

Basi la Nairobi linaondoka kesho asubuhi, na jioni ndege yako ya Uholanzi. Sanduku lako liko kwenye korido, limejaa nusu. Sitaandika habari za sweta wala za mahali pa kuficha pasipoti. Shangazi Pamela amekuhubiria hayo wiki nzima na najua umechoka naye.

Naandika kwa sababu ya maneno yako ya asubuhi. Uliweka kikombe chini ukasema, "Mama, nimeamua. Siendi. Baba hayuko, presha yako inapanda na kushuka, juzi umeanguka sokoni Kibuye katikati ya watu wa nyanya. Nitaomba kazi ya kufundisha hapa mjini nikae na wewe." Shangazi akapiga makofi. "Huyu sasa ndiye mtoto! Wengine wangekimbia!"

Na mimi? Yawa, Akoth, moyo wangu uliruka. Sitakudanganya. Kabla hujamaliza kusema nilikuwa nimeshaona miaka yote mbele: wewe ukirudi jioni na madaftari ya wanafunzi, tukila omena na ugali, tukibishana na redio. Nilifurahi mno. Kisha nikakuangalia usoni, na furaha ikaniisha. Mabega yako yalikuwa yameshuka, kama mtu aliyetua ndoo ya maji baada ya kilima. Ulipumua. Ule unafuu naujua, mwanangu. Mimi mwenyewe nimewahi kuutua mzigo huo huo, na watu wakanipigia makofi vilevile.

Kwa hiyo nivumilie nikusimulie kazi yangu. Unafikiri unaijua kwa sababu ulikua ukinisindikiza kiwandani wakati wa likizo na kunyonya miwa. Hujaijua yote.

Nilipotoka chuo kikuu, mapema miaka ya themanini, nilikuwa na shahada ya hesabu na kiburi cha kutosha watu watatu. Wenzangu wote walienda kufundisha. Mimi nikapata nafasi katika kitengo cha utafiti cha kiwanda cha sukari, huko kwenye tambarare za miwa, saa moja kwa basi kutoka hapa mjini. Kitengo! Kilikuwa chumba kimoja chenye feni mbovu, mkemia mmoja aliyependa kulala baada ya chakula, na meza yangu. Siku ya kwanza bawabu aliniuliza kama mimi ndiye sekretari mpya. Nikamwambia hapana, mimi ni mtaalamu wa hesabu.

"Mhasibu tunaye," akasema.

"Si hesabu za pesa."

"Sasa utahesabu nini, Madam?"

Nakuambia ukweli, jibu zuri la swali hilo lilinichukua muda mrefu kulipata. Kazi ya mtu wa hesabu kiwandani ni kuangalia vitu vinavyosukumana, vinavyopoa, vinavyongojeana, na kutafuta namna ya kuvisema kwa alama chache ili mtu aweze kuamua. Basi. Hakuna anayekuelewa mpaka siku mtambo unaposimama, halafu wote wanakutafuta.

Jambo la kwanza kubwa nililopewa lilikuwa yadi ya miwa. Ulicheza pale, unaikumbuka: trekta na trela zake zimepanga foleni kwenye mizani. Muwa ukishakatwa unaanza kupoteza sukari, na ukiwa umechomwa moto ndiyo mbaya zaidi, unachacha haraka. Kinu nacho hakitaki kulala njaa. Kikikosa miwa, boila inaendelea kula kuni na mvuke unapotea bure. Shida yetu ilikuwa kwamba siku nyingine foleni ilifika hadi kanisani na miwa inakauka juani, siku nyingine yadi ni tupu, mbuzi wanatembea. Meneja akaniita. "Madam, wewe si mtu wa hesabu? Nifanyie miwa ifike sawasawa."

Hatukuwa na kompyuta wakati huo. Ilikuja baadaye, nayo ikajengewa chumba chenye kiyoyozi kizuri kuliko nyumba za wafanyakazi. Mimi nilikuwa na kikokotoo, karatasi za grafu, na viatu. Nilisimama kwenye mizani misimu miwili nikiandika nani amefika saa ngapi, shamba gani liko mbali kiasi gani, mvua ikinyesha trekta inakwama wapi. Nikatengeneza ratiba ya nani akate lini na trekta ngapi ziende wapi. Ilikuwa nzuri, Akoth. Wewe ungeiona ungesema ni nzuri. Nilimsomea baba yako milinganyo kitandani, na yeye, mwalimu wa historia pale Maseno, akasema, "Sielewi neno, lakini endelea, sauti yako imekuwa tamu."

Tukaianza. Jumatatu hadi Alhamisi, raha tupu. Kinu kinanguruma vizuri, foleni fupi, meneja ananisalimia kwa jina. Ijumaa mchana trekta zikaanza kupungua. Jumamosi yadi tupu, kinu kimesimama, fundi wa boila ananitazama kama mchawi. Jumatatu miwa iliyongoja shambani ikaja imechacha, harufu yake kama pombe ya busaa. Wiki ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo.

Nilirudia hesabu zote. Hazikuwa na kosa. Basi nikafanya linalofanywa na msomi mwenye hasira: nikaandika waraka mkali kwamba hesabu ni sahihi, tatizo ni kwamba madereva ni wavivu, wapewe onyo. Niliupiga taipu mwenyewe. Naona haya hadi leo.

Halafu ami yake baba yako akafa huko Seme. Wazee wakaja nyumbani, wakakaa, wakanywa chai, mmoja akakohoa. "Nyar Gem," akaniambia, maana unajua kwa watu wa baba yako mimi ni binti wa Gem hadi niingie kaburini, "wewe uko kiwandani. Hutakosa kutupatia trekta ya kubeba watu na viti." Nikasema hakuna shida. Nikazungumza na mwenye trekta mmoja ninayemjua, akakubali mara moja, hata hakuuliza siku. Ilikuwa Ijumaa, bila shaka. Wafu wetu huenda nyumbani Ijumaa na kuzikwa Jumamosi, nani hajui?

Nilipanda kwenye trela na shangazi zako, katikati ya sufuria, viti, magunia ya mkaa na kuku wa watu. Tukashika njia tukiimba. Na pale pale, mdomo umefunguka katikati ya ubeti, nikaangalia namba iliyopakwa rangi nyuma ya kiti cha dereva. Namba ile ilikuwa kwenye ratiba yangu. Kwa mujibu wa karatasi yangu nzuri, trekta ile wakati huo ilikuwa ikishusha miwa kiwandani. Nikaangalia barabarani, mbele yetu trela nyingine, imejaa watu, matawi ya miti yamefungwa ubavuni. Nayo naijua namba yake. Nilianza kucheka, mwanangu. Kwenye matanga! Shangazi Pamela akadhani nimeshikwa na huzuni kupita kiasi, akanikumbatia, na kadiri alivyonikumbatia ndivyo nilivyozidi. Hadi leo anasimulia jinsi nilivyompenda yule mzee.

Mimi nimezaliwa Gem. Tangu nikiwa mgongoni mwa mama nimekuwa nikipelekwa matanga kwa trela ya miwa. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Mzungu angekosea, angesamehewa. Mimi nilikosea kwa sababu nilipoketi kwenye ile meza niliona kana kwamba maisha yangu mwenyewe si sehemu ya hesabu. Niliweka mvua, nikaweka matope, nikaweka hata pancha. Kifo sikukiweka.

Jumatatu nilienda kwa meneja, nikauomba ule waraka wangu, nikauchana mbele yake. Nikamweleza. Akavua miwani.

"Madam, unataka nimwandikie mkurugenzi kwamba kinu kinasimama kwa sababu ya matanga?"

"Andika sababu za usafiri."

"Na dawa yake?"

Dawa ilikuwa rahisi. Mashamba ya mbali yaache kuchoma miwa kuanzia Jumatano, na mwisho wa wiki kinu kilishwe na shamba la kiwanda lenyewe, lililo jirani na lenye trekta zake. Trekta za wakulima ziende zikazike watu kwa amani. Kinu kikapita Jumamosi bila kusimama, na niliposikia kile kishindo chake kikiendelea tu, kikiendelea, niliingia chooni nikalia kidogo kwa furaha. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hesabu inaweza kusikika. Wewe utaisikia siku moja, na natamani ningekuwepo.

Lakini nikuambie pia upande wa pili. Miaka ya tisini ilipoingia, zile Ijumaa zikaanza kunizidia. Trekta chache, halafu chache zaidi, na sasa si wazee tuliokuwa tunasindikiza. Ni vijana, wa ule ugonjwa tuliokuwa hatuutaji kwa jina. Ni wakata miwa wenyewe, ni mafundi, ni mwenzangu yule mkemia. Kila msimu nilibadilisha ratiba, na kila nilipobadilisha ilikuwa sahihi. Nilikuwa mtu pekee ofisini aliyeona jambo lile kwenye grafu, na sikutaka kuliona. Siku hizo nilirudi nyumbani nikakupakata hata ulipokuwa umeshakuwa mkubwa, ukanilalamikia kwamba nakubana. Ndiyo sababu nilikubana.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu ndipo lilipo jambo lenyewe.

Ile ratiba ilijulikana. Kampuni ya Ulaya iliyotuuzia mitambo ilimtuma mhandisi wake mmoja, mzee mrefu mwenye shingo nyekundu kwa jua, akakaa na mimi siku nzima. Nilipomweleza habari za matanga alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniuliza maswali ya maana. Jioni akataka kujua ni kitu gani kingine ninachokifikiria. Nikampeleka kwenye mtambo wa kuchemshia, penye kile kidirisha cha kioo, nikamwonyesha chembe za sukari zinavyozaliwa ndani ya shira na kukua. Nilikuwa nikisimama pale kila siku baada ya kazi. Kwa nini nyingine zinakua na nyingine zinayeyuka kuwalisha wenzao? Nilikuwa nimeanza kuandika milinganyo yake, vurugu tu, lakini yangu. Alitazama kurasa zangu muda mrefu. Baada ya miezi kadhaa ikaja barua: kuna nafasi katika maabara yao ya utafiti, miaka mitatu, kazi ni hiyo hiyo ya chembe za sukari.

Baba yako aliisoma, akanizungusha sebuleni hadi tukaangusha redio. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umeanza shule.

Wiki hiyo hiyo Dani akateleza kisimani akavunjika mguu. Wakamlaza hospitali ya Kombewa. Nilipomwona kitandani, mguu umeninginizwa, nilisikitika sana, na ndani ya huzuni hiyo, Akoth, kulikuwa na kitu kingine. Kilikuwa unafuu. Mabega yakashuka.

Nikamwambia baba yako, "Siwezi kumwacha Mama katika hali hii."

Akasema, "Ni mama yangu. Nitamtunza mimi. Pamela yuko. Akoth tutamlea. Nenda."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Nikamkasirikia kwa siku mbili kwa swali hilo. Nikaandika kukataa. Habari zikaenea: mke wa mwalimu ameacha Ulaya kwa ajili ya mama mkwe. Kina mama wa kanisa wakaja na leso, wakaimba hapa mlangoni. Wanaume waliwaambia wake zao waje kujifunza kwangu. Na mimi nikapokea leso, nikatabasamu kwa unyenyekevu.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Kiwandani nilikuwa Madam. Nikisema jambo la hesabu hakuna wa kunibishia, kwa sababu hakuna wa kuelewa. Kule ningekuwa mtu mmoja mezani kati ya watu waliolelewa na vitu hivyo, na wangeniuliza swali, moja tu, nami ningenyamaza, na wote wangejua kwamba yule mhandisi aliokota changarawe akidhani ni almasi. Niliota ndoto hiyo kila mara. Kwenye ndoto wote walikuwa na miwani.

Miaka ikapita, nikaona kwenye jarida la kitaalamu kazi ya mtu mwingine kutoka maabara ile, juu ya chembe za sukari. Niliisoma kwa moyo wa kuumwa, nikingoja nishindwe kuelewa. Sikushindwa. Nilielewa kila mstari. Mahali pawili ningefanya vizuri zaidi. Hapo ndipo palipouma, maana hadi siku ile nilikuwa bado najidanganya kwamba hata hivyo nisingeweza.

Dani alipona, unajua alivyo, alipona upesi akarudi shambani na fimbo. Lakini akabadilika kwangu. Akawa mpole kupita kiasi. Nikifika Kombewa ananifutia kiti. Chakula changu anakisifu hata kikiungua. Mimi nikasema, tazama, tunapendana.

Siku moja, ulikuwa sekondari tayari, tuliketi mlangoni kwake tukibambua njugu. Akasema bila kuniangalia, "Nyar Gem, nataka kukuuliza kitu kabla sijafa. Ni lini utaniachilia?"

"Nikuachilie kutoka wapi, Mama?"

"Tangu ulipokataa kwenda, mimi sijaugua mbele yako. Nikiumwa nangoja uondoke ndipo nilale. Nilipata malaria mbaya mwaka ule, nikamwambia Pamela akikuambia nitamlaani. Nitauguaje tena? Mtu ameacha maisha yake kwa sababu ya mguu wangu, halafu nimwite tena kwa sababu ya kichwa? Nikikuona unapika nasema, huyu angekuwa Ulaya, na chakula kinanikwama hapa." Akagusa koo. "Nani alikuambia nilitaka ubaki? Sokoni nilikuwa nimeshawatangazia kwamba mke wa mwanangu anapanda ndege. Hukuniuliza. Ulinifanya sababu bila kuniuliza."

Njugu zilinimwagikia mapajani. Ningeweza kusema maneno matamu. Nadhani ni Mungu aliyenizuia. Nikasema, "Mama, haikuwa wewe. Niliogopa. Mguu wako ulinifaa tu."

Alinitazama. Nilidhani atalia. Akaanza kucheka, akacheka hadi kitenge kikafunguka, na katikati ya kicheko akanitupia kiatu, na kikanipata. "Miaka yote hii! Nimekubeba mgongoni miaka yote hii bure! Na malaria yangu!" Kisha akalia kweli, na mimi nikalia, na kuku wakala njugu zetu zote. Hakusema nami hadi Krismasi. Krismasi alikuja mwenyewe, akasema supu yangu haina chumvi, nami nikajua ameachiliwa.

Kwa hiyo, mwanangu, hivi ninavyoandika sijui Dani amekupokeaje leo ulipomwambia unabaki kwa ajili yangu. Kama amekutupia kitu, sasa unajua kwa nini.

Sikuambii kwamba wewe unaogopa. Pengine huogopi. Pengine ni upendo mtupu, na mimi nakupimia kwa kipimo changu. Nimefanya kazi hii miaka yote nikiwapangia watu wakate lini na wabebe lini, na wewe ndiye mtu nisiyetaka kumpangia. Jiulize tu unapokuwa peke yako. Wakati Shangazi anapiga makofi, nini kilichoshuka kutoka mabegani? Ni mimi, au ni wale watu wa maabara ya vioo huko Uholanzi, wanaokungoja uwaambie jinsi kioo kinavyopoa bila kupasuka?

Kama ni wao, karibu. Tuko wengi. Sikuhitaji kuwa jasiri ili niende, hilo ndilo nililochelewa kulijua. Ningeenda na woga wangu kwenye begi, nikae nao mezani, niulizwe swali, nishindwe, niseme sijui, na kesho yake nirudi kazini. Watu wanaosema sijui hawafi. Nimelisema mara nyingi tangu wakati ule. Baraza la mji liliponiita niwaambie magugu maji ya ziwani yataziba bomba la maji lini, nilichora mkunjo mzuri wa kukua kwake, nikawapa jibu, na upepo ukaamka usiku mmoja ukayasukuma magugu yote hadi upande wa Homa Bay. Asubuhi maji meupe pe! Walinicheka sana. Nikawaambia sijui kesho yatakuwa wapi. Tukaendelea. Mwaka uliofuata waliniita tena.

Na kama ni upendo, Akoth, nautaka. Nautaka wote. Lakini sikia kitakachotupata ukiutumia namna hiyo. Nikipata nafuu, nitaona haya: mbona niko mzima, na mtoto alibaki? Nikizidiwa, nitaona haya vilevile. Nitaanza kuficha vidonge. Nitacheka ukiingia, nitalala ukitoka. Utarudi shuleni umechoka, utanijibu vibaya mara moja tu, kama mtu yeyote anavyomjibu mama yake, na mimi nitasema moyoni, ana haki. Sitaweza tena kukugombeza kwa kuacha taa zikiwaka. Tutakuwa wageni wapole katika nyumba moja. Dani aliyabeba hayo akiwa na mifupa migumu. Mimi sina mgongo huo.

Presha yangu ina dawa. Pamela ana ufunguo wa mlango na sauti ya kuamsha mtaa. Siku moja nitakufa, ukiwepo au usipokuwepo, na ukiwepo nitakufa vilevile. Nimesema kwa ukali, nisamehe, lakini uache kuhesabu kwamba macho yako ndiyo yananishikilia.

Naogopa nyumba hii bila wewe. Nitasema wazi ili usije ukasema nilijifanya. Naogopa Jumapili mchana zaidi ya yote. Nitapika chakula kingi kwa mazoea na nitakasirika. Nitakusikia kwenye korido ambapo hupo. Hilo ni langu, na ninalitaka liwe langu. Usinibebee.

Kesho nitachemsha chai kama kawaida. Sitakuuliza umeamua nini, na nimemwambia Shangazi akifungua mdomo nitammwagia maji. Ukitoka chumbani na sanduku, nitashika upande mmoja nawe upande mwingine, na nitalia njia nzima hadi kituo cha basi, mbele ya watu, bila haya. Ukitoka bila sanduku, keti unywe chai. Sitakufukuza, hii ni nyumba yako. Ila useme, "Mama, nimeogopa," nami nitakukumbatia na hatutalizungumza tena. Lolote utakalosema nitalipokea, isipokuwa jina langu kama sababu.

Nasikia lango. Mmerudi.

Nakutaka hapa, mwanangu, kuliko ninavyotaka kitu chochote duniani. Nenda.

Mama